Kwashemshi Imo Tanzania, Haimo TFF

Mtu wa Kwashemshi akiwa na lake na diwani, anajua pa kumpata. Akiwa na lake na mbunge wa Korogwe Vijijini, atavizia mkutano wa hadhara au msiba mkubwa. Hata Rais wa nchi, kila baada ya miaka mitano, anapigiwa kura na watu wa kata hii ya mkonge sawasawa na watu wa Masaki. Sasa mwulize mtu huyo huyo: rais wa mpira alichaguliwa na nani? Jina lake atakutajia, maana redio zinalitaja kutwa kucha. Lakini alichaguliwa na akina nani, na katika wapiga kura hao yupi aliyebeba sauti ya Korogwe, hapo atakutazama tu.

Simlaumu. Wanasoka wengi wa nchi hii hawajui, na mfumo haujawahi kuhangaika kuwajulisha. Ninachodai katika makala haya ni kwamba Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) ni kama nchi ya pili iliyo ndani ya nchi yetu. Ina katiba yake, mahakama zake, kodi zake na balozi zake. Mchezaji wa Kwashemshi ni raia wa nchi ile ya kwanza. Katika nchi hii ya pili anatambuliwa siku ya kukatazwa jambo, na siku ya mgawo anakuwa mgeni.

Tuanzie juu kabisa. FIFA ilianzishwa Paris mwaka 1904, na leo ina wanachama 211. Umoja wa Mataifa una 193. Maana yake soka lina nchi nyingi kuliko dunia yenyewe. Mtunzi wa riwaya akibuni sayari ambayo Uingereza ni nchi nne, Gibraltar ni nchi kamili, na San Marino ina kura moja sawa na Brazil, mhariri atamwambia apunguze chumvi. Ndivyo ramani ya FIFA ilivyo. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina chama chake. Gibraltar iliingia mwaka 2016. Zanzibar, yenye serikali, bunge, wimbo na mpira wa miaka mingi, ilikubaliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuwa mwanachama wa 55 mwezi Machi 2017, ikavuliwa uanachama huo mwezi Julai mwaka huo huo. Miezi minne tu. Sababu iliyotolewa ni kwamba haikustahili kupokelewa tangu awali, kwa kuwa si nchi inayojitegemea. Wazanzibari walikuwa wameshasherehekea.

Nayataja haya kwa sababu watu wengi wanadhani mamlaka ya soka yameota tu kama mbuyu, hayana mkono wa mtu. Hapana. Mipaka yake imechorwa na watu mezani, na nani ahesabiwe, nani asihesabiwe, ni uamuzi wa watu mezani pia. Kilichoikuta Zanzibar kwenye ramani ya CAF ndicho kinachoikuta Kwashemshi kwenye ramani ya TFF, tofauti ni kwamba Kwashemshi hawakupata hata hiyo miezi minne.

Kwa upande wetu historia inajulikana. Tulikuwa na FAT, chama kilichozoeleka kwa migogoro kuliko kwa mabao, mpaka mwaka 2004 kilipozaliwa upya kwa jina la TFF chini ya Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda fainali za Afrika Nigeria mwaka 1980. Tenga alileta utaratibu, na hata wapinzani wake wanakubali. Mwaka 2013 akaja Jamal Malinzi. Huyu utawala wake uliishia polisi mwaka 2017, na miaka miwili baadaye FIFA ikamfungia miaka kumi kwa matumizi mabaya ya fedha za shirikisho. Agosti 2017 mjini Dodoma akachaguliwa Wallace Karia.

Uchaguzi ule wa Dodoma ulikuwa uchaguzi kweli. Walisimama watu kadhaa, akiwemo Ally Mayay aliyepata kuwa nahodha wa Yanga, na Fredrick Mwakalebela aliyewahi kuwa katibu mkuu wa TFF yenyewe. Karia alishinda kwa mbali, lakini walau kulikuwa na watu wa kuwashinda. Mwaka 2021 mkutano ukafanyika Tanga, nyumbani kwetu, na mgombea alikuwa mmoja. Mwaka 2025 ukafanyika tena Tanga, mgombea akawa tena mmoja. Waliotaka kushindana naye walikwama kwenye mchujo, na kelele kubwa ilikuwa juu ya sharti la kudhaminiwa na wanachama wa shirikisho. Kwa kanuni, huenda kila hatua ilifuatwa. Mimi sikai kwenye kamati ya uchaguzi. Nasema tu kwamba chaguzi mbili mfululizo bila mpinzani, katika nchi ambayo kila kijiwe kina watu ishirini wanaojua kuendesha mpira kuliko wanaouendesha, ni jambo la kushangaza.

Hata katika huo ukumbi wa Tanga, waliokaa ni akina nani? Ni wajumbe wachache: viongozi wa vyama vya mikoa, klabu za Ligi Kuu, na vyama shirikishi kama vile vya makocha, waamuzi, wachezaji na soka la wanawake. Watu hao ndio wanaoamua kwa niaba yetu sote. Mkoa wa Tanga unawakilishwa na chama chake cha soka, TRFA. TRFA inatokana na vyama vya wilaya. Vyama vya wilaya vinatokana na klabu zilizosajiliwa wilayani. Hapo ndipo ngazi inapokatika kwa kijana wa Kwashemshi, kwa sababu timu yake haijasajiliwa. Inacheza kila Jumapili, ina jezi, ina nahodha, ina mashabiki wanaogombana, lakini kwa Msajili wa Vyama vya Michezo haipo. Haipo kwa msajili, basi haipo wilayani. Haipo wilayani, haipo mkoani. Ukifika kwenye ukumbi wa Tanga, imeshafutika kabisa.

Watu wa mjini wakisikia timu haijasajiliwa hudhani ni vurugu, watu wanarukaruka tu. Nendeni mkaone ndondo inavyoendeshwa vijijini, katika tarafa yoyote ya Korogwe au Handeni. Mashindano yanatangazwa, mara nyingi kwa jina la diwani, la mbunge au la mfanyabiashara wa mazao. Zawadi ni mbuzi, au ng'ombe kama mwaka ni wa uchaguzi. Inaundwa kamati. Kamati inapanga kiingilio cha timu, inapanga makundi, inatafuta mwamuzi, inateua watu wa kutunza amani uwanjani. Kabla mpira haujapigwa zimekwisha kuwepo kanuni: timu iruhusiwe wageni wangapi kutoka nje ya kata, mchezaji akichezea timu mbili afanywe nini, rufaa iletwe ndani ya saa ngapi na kwa ada kiasi gani, na ada hiyo irudishwe au isirudishwe rufaa ikikubaliwa.

Suala la mamluki peke yake lingetosha kufungulia chuo cha sheria. Timu imeleta kijana kutoka Mombo, inasema anaishi hapa kwa shangazi yake. Wapinzani wanasema shangazi huyo amepatikana Ijumaa. Kamati inakaa chini ya mti, inamwita mwenyekiti wa kitongoji atoe ushahidi, inasikiliza pande zote mbili. Mwenyekiti wa kamati anasimama: "Wagosi, tumekaa, tumesikia. Kijana hachezi. Pointi tatu zinakwenda upande wa pili, na hela ya rufaa inarudi kwa mwenyewe." Wanaofurahi wanashangilia, walionuna wanataka kuondoka, na mpira ni wao, hivyo inabidi wabembelezwe. Jioni ile ile shauri limekwisha.

Linganisha na wakubwa. Machi 8, 2025, mchezo wa Yanga na Simba uliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, baada ya Simba kulalamika kwamba walizuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Ukafuata mzozo wa kanuni uliotusumbua miezi mitatu na nusu. Bodi ya Ligi ikasema hivi, Yanga wakasema hawachezi tena mchezo huo, shauri likabebwa hadi mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, kule Lausanne, likarudi, na mpira ukachezwa Juni 25, Yanga wakishinda 2-0. Kamati ya chini ya mti isingehitaji kwenda Uswisi. Natania, najua. Uzito wa mechi hizo mbili haufanani hata kidogo. Lakini kuna jambo moja kamati ya ndondo inalo na Bodi ya Ligi haina: wanaohukumiwa wanawajua waliohukumu, na kesho watakutana nao kisimani. Uwajibikaji wa namna hiyo huwezi kuununua kwa kanuni.

Vijana wenyewe wanaona jinsi walivyo nje ya ile nchi ya pili. Wale wa Korogwe mjini waliokulia kwenye vibanda vya gemu walicheza miaka mingi mchezo wa kompyuta wa EA Sports ulioitwa FIFA, mpaka kampuni na shirikisho walipoachana baada ya toleo la FIFA 23. Ndani ya gemu ile kijana alikuwa kocha, mwenye klabu na msajili wa wachezaji. Akizima mashine, akitoka nje, hana hata fomu ya uanachama.

Nije kwenye fedha, maana huko ndiko ugeni wa Kwashemshi unakogharimu. Mwezi Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Ni mkataba mkubwa kwa ukanda wetu, na umezibadilisha klabu za Ligi Kuu. FIFA nayo, kupitia mpango wake wa Forward wa mwaka 2023 hadi 2026, inaweza kumpa kila mwanachama hadi dola milioni nane: tano za uendeshaji na tatu za miradi. Sisi Tanga tumeonja kidogo, kwani kituo cha ufundi cha Mnyanjani kimejengwa kwa fedha za FIFA. Ni kituo kizuri. Kiko Tanga mjini, kama ambavyo karibu kila kitu cha soka la mkoa huu kiko Tanga mjini.

Ila kuna fedha nyingine ambayo watu hawaizungumzii, na kwa Kwashemshi ndiyo ya maana zaidi. Mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, kanuni za FIFA zinataka asilimia tano ya bei itengwe kwa ajili ya klabu zote zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa kati ya miaka 12 na 15 una robo asilimia ya bei. Kila mwaka wa kati ya 16 na 23 una nusu asilimia. Chukua kijana aliyecheza kijijini kuanzia miaka 12 hadi 17, akapita klabu mbili tatu, mwishowe akauzwa Ulaya kwa dola milioni moja. Miaka minne ya kwanza ni dola 10,000. Miwili inayofuata ni dola 10,000 nyingine. Dola 20,000 kwa uwanja mmoja wa kijiji. Hizo ni nguzo za magoli za chuma, nyavu, mipira ya miaka mingi, choo, na chenji ya kumlipa mtu awafundishe watoto.

Kijiji hakitapata hata dola moja. Tangu mwishoni mwa 2022 malipo hayo yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma pasipoti ya mchezaji kielektroniki. Pasipoti hiyo inajazwa kutokana na usajili unaofanywa na shirikisho la nchi. Miaka ambayo kijana hakusajiliwa popote inaonekana kama hakucheza, kana kwamba alizaliwa ana miaka 18 akiwa amevaa njumu. Ipo hata kanuni inayoliruhusu shirikisho kudai fungu la klabu iliyokufa ili litumike kwenye soka la vijana. Klabu iliyokufa, basi, ina mrithi. Klabu ambayo haikuwahi kuandikwa haina hata tanzia.

Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, nchi nzima ilijifunza kuhusu ada za uhamisho. Wengi walijifunza ada tu. Hawakujifunza kwamba hesabu inaanzia kwenye karatasi ya mtoto wa miaka 12.

Wapo wanaosema serikali iingilie kati. Hapa ndipo unapoona ukubwa wa ile nchi ya pili. Tuna Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, tuna wizara, tuna maofisa michezo wa wilaya. Wanaweza kusimamia usajili na kutoa ushauri. Lakini serikali ikigusa uongozi wa soka, FIFA inakuja na rungu. Kenya walilijaribu jambo hilo: Novemba 2021 waziri Amina Mohamed alilivunja shirikisho la nchi yake kwa tuhuma za ubadhirifu, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo kikaondolewa Novemba mwaka huo. Harambee Stars na klabu zao ndio walioumia. Mwaka 2027 sisi, Kenya na Uganda tunaandaa fainali za Afrika kwa pamoja. Hakuna waziri atakayecheza na moto huo sasa, na mimi simshauri acheze nao.

Kwa hiyo njia ni ya ndani. Na ndani kunaanzia wilayani, mahali ambapo waandishi wa michezo hatufiki kwa sababu hakuna posho wala kamera. Tunaandika habari za rais wa TFF kila siku, za mwenyekiti wa chama cha soka cha wilaya hatuandiki kamwe. Na huyu wa wilaya ndiye mzizi wa yule. Ukikuta chama cha wilaya chenye klabu hai saba na klabu za mfukoni kumi, zile za kuandikwa kwa ajili ya siku ya kura, basi umeona rais wa 2029 anavyoanza kupatikana.

Siyo kwamba TFF haijafanya kitu. Taifa Stars ilirudi fainali za Afrika mwaka 2019 baada ya miaka 39, na siku hizi kwenda huko si muujiza tena. Tumeandaa CHAN Agosti 2025, viwanja vikajaa. Ligi inatazamwa nje ya mipaka. Anayekataa haya ana chuki zake. Lakini mafanikio hayo ni ya kilele, na sisi wa Tanga tunajua vizuri jinsi kilele kinavyoweza kuporomoka kama chini hakuna kitu. Coastal Union walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988. Msimu wa 2015/16 mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports, na Mgambo Shooting ya wanajeshi wa Kabuku, Handeni. Msimu ulipoisha zote tatu zilishuka. Zote, kwa mpigo mmoja, na Uwanja wa Mkwakwani ukabaki kwa maombi na mikutano. Coastal walirejea baadaye na hata kumaliza wa nne msimu wa 2023/24. Wale wengine wawili hawajaonekana tena huko juu. Mgambo ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa kuwa ni timu ya juu iliyochipukia huku kwetu bara ya Tanga, si pwani, na ilipoanguka hapakuwa na timu ya kijiji wala ya tarafa iliyokuwa tayari kushika nafasi yake.

Leo timu ya Kwashemshi ikiota kufika Ligi Kuu, itapanda ligi ya wilaya, ya mkoa, ya mabingwa wa mikoa, kisha First League, kisha Championship. Ngazi tano, kila moja na nauli yake. Hiyo siiombei miujiza. Ninachotaka ni ngazi ya kwanza tu iwe wazi na rahisi. TRFA na vyama vya wilaya vya Korogwe na Handeni viwafuate watu kwenye ndondo, visisubiri kufuatwa ofisini. Kamati ya mashindano ya kata ina orodha ya timu, majina ya wachezaji na umri wao. Nusu ya kazi ya usajili imeshafanywa bure. Anayetoa kibali cha mashindano na kuchukua ada yake, aondoke pale na majina ya watoto wa miaka 12, ayaingize kwenye mfumo. Na TFF iweke hadharani, mkoa kwa mkoa na wilaya kwa wilaya, ni klabu ngapi zimesajiliwa, zinacheza ligi gani, na fungu la soka la vijana limekwenda wapi. Hilo halihitaji hela ya FIFA. Linahitaji karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri.

Ninyi wa Kwashemshi nanyi, wagosi, msiniambie mmechoka na mpira wa vikao. Kamati yenu ya ndondo tayari ni chama, kimekosa muhuri tu. Andikeni katiba ya kurasa mbili tatu, chagueni viongozi, nendeni kwa ofisa michezo wa wilaya, mdai usajili, na mkishaupata mdai kiti chenu kwenye mkutano mkuu wa chama cha soka cha wilaya. Uchaguzi wa TFF unafanyika kila miaka minne, ujao ni mwaka 2029, na wa wilaya na mikoa hutangulia. Wajumbe watakaoingia kwenye ukumbi ule wanaanza kupatikana kwenye vikao vya wilaya, na vikao hivyo huwa na viti vitupu.